Sola ya Meru na Embu: kutoka betri ya gari hadi kisanduku

Mwaka wa 1968 bwawa la Kindaruma lilianza kufua umeme kwenye mto Tana, mpakani mwa Embu na Ukambani. Kamburu na Gitaru yakafuata. Nyaya zilielekea Nairobi. Nyumba nyingi za Mbeere na za wakulima wa kahawa wa Meru zikabaki na koroboi. Aliyetaka kutazama televisheni alibeba betri ya gari hadi sokoni kuichajisha.

Mwaka wa 1984, katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, wilayani Meru, mwalimu Mmarekani wa kujitolea, Mark Hankins, na mhandisi Harold Burris waliishawishi bodi ifunge paneli za sola badala ya jenereta ya dizeli. Burris aliwafunza mafundi wa hapo hapo, na haukupita muda majirani wakaanza kuagiza za kwao.

Lakini sola ya miaka hiyo ilikuwa na masharti. Betri ya risasi na asidi haipendi kukamuliwa: ikikaa bila chaji, mabamba ya ndani huvaa salfeti ngumu na haishiki tena moto kama zamani. Mwenye nyumba alitakiwa kuongeza maji ya betri, kupangusa paneli, na kujua wakati wa kuzima televisheni ingali inaonyesha vizuri. Wengi, wakibana gharama, waliunganisha paneli na betri bila kidhibiti chaji. Betri ilipokufa mapema, waliambiwa hawajui kuitunza. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Mama aliyerudi jioni kutoka kuchuma majani chai alikuwa amepewa kazi ya mhandisi.

Kampuni ya sola ya kulipia kidogo kidogo, M-KOPA, ilipoingia sokoni mwaka wa 2012, kazi hiyo ilihamia ndani ya kisanduku. Betri imo humo, unachomeka waya za taa, unabonyeza swichi. Malipo ya kila siku yakifika kwa M-Pesa, laini ya simu iliyomo ndani hupokea taarifa na umeme unaendelea. Usipolipa, unazimwa kutoka mbali. Hilo ni gumu kwa familia inayongoja bonasi ya chai.

Na fundi je? Betri ya zamani ilipokufa, alikutafutia nyingine sokoni siku hiyo hiyo. Kisanduku hurudishwa kwa wakala. Natamani kijacho kifungwe kwa skrubu za kawaida, na betri yake ipatikane Runyenjes na Maua kama ya gari.