Valvu zilizobeba muziki wa dansi Musoma

Wapenzi wa dansi wa mkoa wa Mara wakianza kukumbushana enzi zao, bendi ndizo hutangulia. Zitatajwa Mara Jazz na mtindo wao wa Sensera, itatajwa Musoma Jazz, kisha atatokea mmoja wa kuwakumbusha wenzake kwamba hata mfalme wa benga, D.O. Misiani, aliyevuma Kenya na Shirati Jazz yake, alizaliwa mwaka 1940 huku kwetu, jirani na Shirati. Baada ya hapo ni waimbaji, wapiga solo, kumbi na mavazi. Amplifaya haina anayeikumbuka. Nami naona hilo ni pengo katika historia yetu, kwa sababu ile sauti ya gitaa tunayoililia leo ilitengenezwa na vidole vya mpigaji kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili na chupa ndogo za kioo zilizokuwa zikiwaka nyuma ya boksi la spika. Mafundi redio waliziita valvu.

Valvu ilianza Uingereza mwaka 1904 kwa John Ambrose Fleming. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza ndani yake waya wa tatu, gridi, na hapo chombo kikapata uwezo wa kukuza ishara dhaifu. Kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Hita hupasha katodi, katodi hutoa elektroni, elektroni hukimbilia sahani ya chuma yenye volti mia kadhaa, na gridi iliyo katikati huamua ngapi zipite. Gitaa huitikisa gridi hiyo kwa umeme mdogo sana, na mtikisiko uleule hutokea upande wa pili ukiwa mkubwa.

Ndani ya amplifaya valvu ziko za aina mbili. Ndogo za mbele, kama ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, huinua ishara ya gitaa hatua ya kwanza. Kubwa za nyuma ndizo valvu za nguvu, zinazosukuma spika kupitia transfoma. Ndogo hudumu miaka mingi. Za nguvu huchoka, maana utando ulio juu ya katodi hupungua kadiri zinavyofanya kazi, na bendi inayopiga kila mwisho wa wiki huziona zikififia: sauti inapoteza makali, besi inalegea, kisha mvumo unaanza kusikika hata gitaa likiwa kimya.

Swali la kuweka nini badala yake halikuwa jepesi hata huko zilikotengenezwa. Kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa 6L6 mwaka 1936. Waingereza wakajibu kwa KT66, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ulaya ikaleta EL34 na EL84, zilizotoka kwa wingi Philips na katika kiwanda cha Mullard mjini Blackburn. Amplifaya mashuhuri zilijengwa kuzizunguka hizo. Fender Bassman ya Marekani ilitumia 5881, ambayo ni ya ukoo wa 6L6. Jim Marshall alipoiiga London mwaka 1962 alianza na valvu za namna hiyohiyo, akahamia KT66, kisha EL34, na kila alipohama sauti ilihama naye. Vox AC30 ilibeba EL84 nne. Mpaka leo sikio lililozoea huzitofautisha: 6L6 ina besi imara na juu safi, EL34 imeshiba katikati, EL84 ni kali na huanza kukwaruza mapema sauti ikipandishwa.

Vifaa hivyo viliifikia Musoma kwa njia zilizoeleweka. Nairobi na Dar es Salaam kulikuwa na maduka ya vyombo vya muziki, na kwa mtu wa Musoma, Kenya ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Meli za Ziwa Victoria zilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ndiyo iliyokuwa fahari ya njia hiyo. Nchi kavu, gari lilipita Tarime na Sirari likaingia Kenya. Bendi za Mara zilikuwa pembezoni mwa Tanzania lakini katikati ya Ziwa, na muziki wao ulikutana na benga ya Kijaluo, dansi la Kiswahili na rumba ya Kongo kwa wakati mmoja.

Februari 1977 njia hiyo ikakatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na bidhaa za kutoka nje zikawa shida nchi nzima. Tunapoyakumbuka yale tunataja sukari, sabuni, vitenge na mafuta ya taa, na ndivyo inavyostahili. Lakini nchi iliyokosa fedha ya kuagiza dawa isingeweza kuagiza EL34. Kwa mpiga gitaa, valvu iliyokufa mwaka 1980 ilikuwa na maana ya kunyamaza.

Hapo ndipo ufundi wa fundi redio ulipopimwa. Redio kubwa za sebuleni na radiogramu za Ulaya nyingi zilikuwa na EL84 au ECL82 kama valvu ya kutoa sauti, na ECC83 ilikuwamo katika rekoda za tepu. Fundi aliyejua kusoma namba aliweza kuitoa EL84 ndani ya radiogramu iliyokufa na kuiweka katika amplifaya yenye soketi ya pini 9. Alijua pia kwamba EL84 ya Ulaya na 6BQ5 ya Marekani ni kitu kimoja, na kwamba EL34 ni ndugu wa 6CA7. Maarifa hayo hayakufundishwa kwa wengi. Yalikaa kichwani kwa fundi na katika daftari lake, na wengi wao wamekufa nayo.

Kosa baya lilikuwa kuamini kwamba valvu inayoingia kwenye soketi ndiyo inayofaa. 6L6 na EL34 zote zina soketi ileile ya pini 8, lakini hita ya EL34 hula ampea 1.5 na ya 6L6GC hula 0.9. Ukiichomeka EL34 mahali palipojengwa kwa 6L6, transfoma ya umeme inabebeshwa mzigo isiopimiwa, na inaweza kuungua. Tena EL34 inataka pini ya 1 iunganishwe na ya 8, jambo ambalo amplifaya nyingi za 6L6 hazina. Wapiga besi hutamani KT88 au 6550 kwa sababu ya nguvu zake. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 na wati zake 300, ilijijengea jina kwa 6550 sita, lakini transfoma zake zilikuwa za kazi hiyo. Hita ya KT88 hula ampea 1.6. Kuiweka kwenye amplifaya ndogo hakuifanyi kuwa kubwa.

Kisha kuna bayasi, yaani umeme hasi wa gridi unaoamua valvu ipitishe kiasi gani ikiwa imetulia. Ukibadilisha valvu za nguvu bila kupima bayasi, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama sauti inakuwa baridi na chafu, ama sahani zinageuka nyekundu na valvu inakufa kabla ya dansi kwisha. AC30 hujirekebisha yenyewe kwa kiasi kupitia rezista ya katodi, ndiyo maana iliwafaa mafundi wasio na vipimo. Marshall nyingi hazina huruma hiyo. Na valvu zinazofanya kazi mbilimbili hununuliwa zikiwa zimepimwa na kulinganishwa, vinginevyo moja hubeba mzigo wa mwenzake.

Jambo jingine linalosahaulika kwetu ni umeme wenyewe. Amplifaya za zamani zina kitufe cha kuchagua volti: 110, 220, 240. Iliyowekwa 220 ikaunganishwa na umeme unaopanda mpaka 240 hupandisha volti zote za ndani, na valvu huishi chini ya mateso kila usiku. Kwenye jenereta ni hatari zaidi.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyokuja kuimaliza enzi hiyo. Sababu zake zinaeleweka kwa mtu wa kijijini Murangi kuliko kwa mtu wa London. Valvu inataka umeme wa volti mia kadhaa, ni nzito, na kioo chake hakipendi barabara ya vumbi na mashimo kutoka Musoma kwenda Majita. Amplifaya ya transista iliweza kukubali betri ya gari. Vijiji visivyo na umeme vikapata muziki wa magitaa, na hilo lilikuwa jema. Viwanda vikubwa vya valvu vya Magharibi vikafungwa kimoja baada ya kingine, Mullard ikiwemo.

Leo valvu za nguvu za gitaa hutoka hasa sehemu tatu: Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia kwa JJ Electronic, na China. Urusi ilipozuia kuziuza nje mwezi Machi 2022, wanamuziki wa dunia nzima walihaha kwa muda na bei zikapanda. Wapiga gitaa wa Marekani waliionja kwa majuma machache hali ambayo wenzao wa Musoma waliishi nayo miaka zaidi ya 6.

Kwa aliye na amplifaya ya valvu stoo, awe amerithi kwa mzee wake au ameinunua kwenye bendi iliyovunjika, naomba asiiuze kama chuma chakavu na asiiwashe kwa pupa. Asiifungue mwenyewe pia, kwa sababu kapasita zake zinaweza kushika volti 400 na zaidi hata plagi ikiwa imetolewa, na umeme huo unaua. Aipeleke kwa fundi anayeifahamu, fundi huyo abadilishe kapasita zilizokauka kwanza, kisha atafute valvu ya namba ileile iliyoandikwa kwenye chasisi. JJ mpya zilizolinganishwa zinatosha kabisa. Mullard ya zamani ikipatikana ni nzuri, lakini bei yake ni ya wakusanyaji, na iliyotumika sana inaweza kuwa imechoka kuliko hiyo unayoitoa.

Na kama fundi huyo ni mzee, mpelekee kijana aketi naye aandike anachosema. Rekodi za bendi zetu Radio Tanzania ilizihifadhi kwenye tepu. Ujuzi wa vyombo vilivyozipiga haukuhifadhiwa popote, na waliobaki nao wanazeeka.