Mizani Mbili: Hukumu za Mweusi na Mzungu Zama za Ukoloni

Wazee wa Kabuta, katika ufuo wa Ziwa Mweru, wanazikumbuka habari za misafara ya karne ya 19 iliyoleta watu wa pwani na dini yao. Mbele ya kadhi, tajiri na mchukuzi wake husimama mkeka mmoja. Utawala uliofuata haukuwa na desturi hiyo.

Nchi hizi zilishikwa kwanza na Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Kusini, kisha mwaka 1924 zikaingia chini ya serikali ya Mfalme. Sheria ya mwaka 1929 iliyatambua mabaraza ya wenyeji. Mfalme wa kienyeji aliweza kuwahukumu watu wake, lakini Mzungu hakufikishwa mbele yake, hata kama kosa limetendeka mlangoni pake. Kesi ya kuua nayo haikuwa ya baraza hilo. Ilikwenda kwa serikali.

Mpango wa namna hiyo ulizaa nini, hapana mahali unapoonekana wazi kama Kenya. Huko Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri la Wazungu wenziwe. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao jaji aliweza kuikataa shauri yao.

Mwaka 1907 mlowezi Ewart Grogan na wenziwe waliwacharaza viboko Waafrika hadharani mjini Nairobi, mbele ya nyumba ya mahakama yenyewe! Grogan alipewa kifungo cha mwezi mmoja, tena kwa kosa la kukusanyika kinyume cha sheria.

Lakini kisa cha kijana Kitosh ndicho kizito zaidi. Mwaka 1923, katika shamba la Jasper Abraham upande wa Molo, kijana huyo alitumwa na farasi jike, akampanda badala ya kumwongoza kwa miguu. Kwa hilo alipigwa mno, akafungwa kamba, akatiwa ghalani. Usiku ule ule akafa. Kesi ilisikizwa Nakuru. Waliomtetea Abraham walileta hoja ya ajabu, kwamba marehemu alikufa kwa kuwa mwenyewe alitaka kufa, na waganga wa Kizungu waliiunga mkono. Yaani mtu amefungwa mikono na miguu, na bado lawama ya mauti ni yake! Juri halikusema ni kuua. Lilisema ni kuumiza vibaya, na Abraham akafungwa miaka miwili. Ndipo kelele zikafika hata London. Mwaka 1933 tume ya Bushe ilitumwa kuchunguza hukumu za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika.

Juri la Wazungu, hata hivyo, liliendelea. Katika miaka ya Mau Mau, kuanzia 1952, Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika alikuwa Peter Poole, aliyempiga risasi Kamawe Musunge mwaka 1959 kwa sababu ya mawe aliyowatupia mbwa wake. Alinyongwa tarehe 18 Agosti 1960. Walowezi wengi walimwombea msamaha, na gavana akakataa.

Zambia ilijitawala tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka 1966 sheria mpya iliyageuza mabaraza ya wenyeji kuwa mahakama za mtaa, na jina la "wenyeji" likafutwa katika milango yake.