Upatanisho na Mungu (Ukambani)

Upatanisho na Mungu ni fundisho la Kikristo kwamba dhambi humtenga mtu na Muumba wake, na kwamba kifo cha Kristo humrejesha na kumfanya kiumbe kipya (2 Wakorintho 5:17–20). Huko Ukambani, kuanzia Mukuyuni na Nzaui katika Makueni hadi Kitui, fundisho hili ndilo kitovu cha mahubiri ya Africa Inland Church (AIC).

Historia

Hapo kale Wakamba walitafuta amani na Mungu kwenye ithembo, yaani mahali pa sadaka, chini ya miti mikubwa kama mikuyu. Wazee walichinja mbuzi hapo, hasa mvua ilipokawia.

Oktoba 1895 Peter Cameron Scott, mmisionari mzaliwa wa Glasgow ambaye kazi yake ilizaa AIC, alishuka Mombasa na wenzake saba, na Desemba wakafungua kituo Nzaui. Miaka michache kabla ya hapo, nduguye John alifia Kongo. Scott alimtengenezea jeneza mwenyewe, akamchimbia kaburi, na hapo kaburini akajitoa upya kwa Mungu. Misheni yake ya Ukambani ina deni kwa saa ile ya majonzi. Scott naye alifariki kwa homa Desemba 1896, akiwa na miaka 29.

Uamsho

Upatanisho huo ulihubiriwa pia na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Uganda na Gahini, Rwanda, kupitia Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Mwaka 1937 ulifika Kabete, Kenya, ukashika zaidi miongoni mwa Waanglikana na Wapresbiteri. Waliookoka waliungama hadharani, kosa kwa kosa. Aliyeiba alirudisha mali, mwenye deni alilipa, na mwenye kinyongo alimwendea jirani yake. Huo ndio urithi wake bora: toba iliyoonekana kwa macho.

Mitazamo mingine

John Mbiti (1931–2019), mwanatheolojia mashuhuri aliyezaliwa Mulango, Kitui, alionyesha katika kitabu chake cha 1971 kuwa mafundisho ya wamisheni Ukambani yaliegemea mno mbingu ijayo. Wakatoliki hupatanishwa katika sakramenti ya kitubio.

Siku hizi

Mikutano ya injili ingali inaendelea. Anayeitikia wito husogea mbele na kuombewa. Katika AIC, mwongofu hufundishwa kwanza, kisha hubatizwa kwa kuzamishwa majini.