Darra Adam Khel: Mji Ulionakili Bunduki za Wavamizi

Waliosoma visa vya Sherlock Holmes wanamkumbuka Daktari Watson. Katika A Study in Scarlet, kitabu cha mwaka 1887, Watson anarudi London akiwa amedhoofu, baada ya kupigwa risasi ya bega kwenye vita vya Maiwand, Afghanistan, mwaka 1880. Kufika The Sign of Four, jeraha limehamia mguuni, na mashabiki wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Mimi kinachonivuta ni bunduki yenyewe. Conan Doyle anaitaja kwa jina: jezail. Ni gobore refu la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, lililotengenezwa kwa mkono na mafundi wa Afghanistan na wa milima iliyopakana na India ya Waingereza. Watson tunamjua vizuri. Mhunzi je? Hakuna anayemuuliza.

Hebu tumuulize leo. Na mahali pazuri pa kumtafutia ni Darra Adam Khel, mji mdogo ulioko kwenye barabara ya kutoka Peshawar kwenda Kohat, kaskazini-magharibi ya Pakistan. Adam Khel ni tawi la Waafridi, nao Waafridi ni Wapashtuni. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mtaa mkuu wa Darra umekuwa soko la silaha la waziwazi kabisa. Bunduki zinatundikwa madukani kama kwetu zinavyotundikwa sufuria, na karakana ziko hapohapo nyuma. Mteja akitaka kujaribu, anatoka nje anafyatua hewani. Wageni walioandika habari za mji huu karibu wote wanaanza na milio hiyo, kisha wanamalizia na maneno ya "watu wakali wa milimani". Hapo ndipo ninapoachana nao. Mimi nikitazama meza ya fundi wa Darra naona kitu kinachofanana zaidi na kazi ya mwandishi wa kunakili miswada.

Maana fundi yule ananakili. Kwa vizazi vingi amefanya kazi kwa nyundo, tupa, keekee ya mkono na jiko la mkaa, mara nyingi akitumia chuma chakavu, hata vipande vya reli. Anapewa bunduki halisi ya kiwandani, anaifungua, anapima kila kipande, halafu anakitengeneza upya kimoja kimoja. Mchoro wa mhandisi hana. Mchoro wake ni bunduki yenyewe.

Na bunduki hiyo ya kuiga imefikaje kwake? Imeletwa na vita. Waingereza walipopigana na makabila ya mpakani mwishoni mwa karne ya 19 walikuja na Martini-Henry, na Darra ikanakili Martini-Henry. Ilipofuata Lee-Enfield, ikanakiliwa pia. Mwaka 1979 Wasovieti waliingia Afghanistan, Kalashnikov zikajaa mpakani, na haikupita muda mafundi wakawa wanazitoa. Ukizipanga bunduki za Darra kwa mfuatano, unapata orodha ya majeshi yaliyopita njia ile. Fundi hakuwaalika.

Waingereza wenyewe waliijua kazi hii na waliiachia iendelee. Walihitaji barabara ya Kohat iwe salama, na walikuwa wakiwalipa Adam Khel posho ili wailinde. Isitoshe, kwa hesabu ya mkoloni, afadhali Mwafridi abebe nakala ya Darra ambayo mtutu wake unaweza kumpasukia usoni, kuliko abebe bunduki nzuri iliyoibwa kambini. Kipling aliyafahamu mambo haya vizuri, kwani alikuwa mwandishi wa gazeti Lahore. Shairi lake la Arithmetic on the Frontier, la mwaka 1886, linapiga hesabu ya afisa aliyesomeshwa kwa gharama kubwa Uingereza, kisha akauawa kwa bunduki ya bei ya chini kabisa. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila imepigwa upande mmoja tu. Ya kijana wa Kipashtuni aliyepasukiwa na mtutu sijaiona mahali.

Kuna kipande cha historia hii kinachogusa bahari yetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka vizuizi vya kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini Maskati haikuwemo ndani ya mipaka yake. Basi bunduki za viwanda vya Ulaya zikawa zinashushwa Maskati, zinavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Makran, halafu zinapanda ngamia kwenda Afghanistan na mpakani mwa India. Waingereza walituma manowari kuziwinda. Mwaka 1912, Sultani Faisal bin Turki, mjukuu wa Seyyid Said yuleyule tunayemjua Unguja, akakubali silaha zote ziwekwe kwenye ghala moja chini ya usimamizi. Njia ya bahari ikabanwa. Mhunzi wa mlimani hakuhitaji bahari.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Wanakili wa Darra hawakuishia kwenye mtutu na kitako. Walinakili hata chapa ya kiwanda: taji la malkia, jina la Enfield, mwaka. Wengi wao hawakujua herufi za Kizungu, kwa hiyo walizichonga kama picha. Ndiyo maana unakuta N imegeuka, au jina limekosewa, au bunduki ina herufi V.R. za Malkia Victoria pamoja na mwaka wa baada ya 1901, wakati malkia keshafariki. Wakusanyaji wa silaha za kale wanazitambua nakala hizi kwa makosa hayohayo, kama msomi anavyomtambua mnakili wa mswada kwa neno aliloliruka. Jina la fundi halimo, ila kosa lake limebaki.

Hata hivyo, nisije nikajisahau kwa utamu wa mfano. Mswada ukikosewa, anayeumia ni maana. Bunduki hata ikikosewa, inaua. Darra walitengeneza hata bastola yenye umbo la kalamu, ya risasi moja, unaichomeka mfukoni mwa shati kama mwalimu. Na vita walivyovinakili vikawarudia nyumbani. Machi 2008, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliingia kwenye baraza la wazee pale Darra, wakafa watu wapatao 40. Novemba 2010, siku ya Ijumaa, ukapigwa msikiti, wakafa zaidi ya 60. Waliokuwa wakizikwa ni jirani na jamaa za mafundi haohao.

Mwaka 2018 maeneo ya makabila yaliunganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa, na sheria za kawaida za nchi zikaanza kuingia Darra. Mwaka huohuo mwalimu mmoja wa hapo alifungua maktaba, ghorofani, juu ya duka la bunduki. Mwanzoni, chini biashara iliendelea kama kawaida, juu watu walisoma. Sitaki kuipamba, maana maktaba moja haifungi soko la miaka mia. Lakini nafikiria watoto wanaoingia maktaba ile, wakiwemo wasichana. Herufi ambazo mababu walizichonga kama picha, wao wanazisoma. Wakipenda, wataziandika, na safari hii jina litakalokuwa chini ya kazi litakuwa lao.