Ua la Usambara: Jinsi ya kulipanda na kulitunza nyumbani kwako

Ingia duka lolote kubwa la maua Ulaya au Marekani, uwezekano ni mkubwa utalikuta: mmea mdogo wa chunguni, majani yenye vinyweleo laini na maua ya zambarau. Wengi wanaliita violeti ya Afrika. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Ndiyo, Usambara hiyo hiyo ya mkoani Tanga.

Lilifikaje huko? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Leo kuna aina maelfu zilizozalishwa na wakulima wa maua: nyeupe, za waridi, za bluu, hata za rangi mbili.

Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, chini ya miti mikubwa. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeshamaliza.

Mwanga
Linapenda mwangaza, si jua kali. Liweke karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, au barazani penye kivuli. Majani yakipauka au kuungua, jua limezidi. Likiwa na majani mengi bila maua, basi mwanga hautoshi.

Joto
Nyuzi 18 hadi 26 za Selsiasi zinalifaa zaidi. Lushoto halina shida sana. Dar es Salaam na Mombasa, tafuta kona yenye ubaridi na hewa, ila mbali na upepo wa kiyoyozi.

Udongo
Tumia chungu kidogo chenye matundu chini. Changanya mboji iliyooza vizuri, mchanga, na vumbi la makumbi ya nazi kama unalipata. Udongo wa mfinyanzi usitumie, unashika maji na mizizi inaoza.

Maji
Hapa ndipo wengi wanapoua mmea wao. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu ukiugusa kwa kidole. Njia rahisi: weka maji kwenye kisahani chini ya chungu, subiri kama nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagie majani, hasa maji ya baridi, yataacha madoa.

Jani moja, miche kadhaa
Huhitaji mbegu. Omba jani kwa jirani mwenye mmea wake, kisha:

1. Kata jani zima lenye afya pamoja na kikonyo, bakiza kikonyo cha sentimita 3 hivi.
2. Kichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji wenye unyevu.
3. Funika kwa chupa ya plastiki angavu iliyokatwa kitako. Weka kivulini.
4. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 4. Miche huchomoza baada ya miezi 2 au 3.
5. Ikipata majani kadhaa, itenganishe kila mmoja na chungu chake.

Uwe na subira, maua yanaweza kuchukua miezi mingine 6 au zaidi.

Wadudu na kuoza
Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, hivyo ni vidung'ata. Vifute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Katikati ya mmea pakilegea na kuwa peusi, umezidisha maji. Okoa jani zima lililobaki uanze upya.

Usiling'oe msituni
Hili ni muhimu. Maua haya ya porini yanapatikana Tanzania na sehemu chache tu za Kenya, na baadhi yako hatarini kutoweka. Miti ikikatwa, jua linapiga mwamba, mmea unakauka. Wapo wanaoota katika eneo dogo sana, kwa hiyo mikono michache tu inaweza kulimaliza.

Inashangaza kwamba ua linalojaa madirishani Ulaya linaweza kupotea kwao. Ukitembelea Msitu wa Amani kule Muheza, lipige picha, uliache pale pale. La nyumbani anza na jani.