Herufi Moja Inaweza Kumeza Sheria

Wasee, tukiongea historia ya teknolojia Kenya tunataja M-Pesa na Ushahidi, basi. Kuna nyingine ilipitia hapa Nairobi na karibu hakuna anayeiposti.

1998, shirika la W3C lilitoa XML, njia ya kuweka tegi kwenye hati ili kompyuta ijue hiki ni kichwa, hiki ni kifungu. Miaka michache baadaye, mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, ukiendeshwa kutoka Nairobi, ukazaa Akoma Ntoso: muundo wa XML wa kuandikia sheria na Hansard. Jina ni la Kiakan cha Ghana, yaani mioyo iliyoungana. 2018 shirika la OASIS likaupitisha uwe kiwango cha kimataifa.

Shida ni kwamba sheria zetu ziliandikiwa karatasi. Hazikuwa na tegi. Hapo ndipo rejeksi inaingia, yaani ruwaza fupi inayotafuta maandishi kwa umbo lake. Hesabu yake ilitoka kwa Stephen Kleene miaka ya 1950, na 1968 Ken Thompson akaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuitumia kutafuta maneno. XSLT, lugha ya kubadilisha XML, ilizaliwa 1999 bila rejeksi. Ilizipata 2007, toleo la 2.0.

Sasa cheki. Ukiandika ^\d+\. unaambia kompyuta: mstari ukianza na namba halafu nukta, hapo ni kifungu kipya. Inaenda poa mpaka ufike kifungu chenye herufi, kama 12C cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kile cha kodi ya biashara ndogo inayokatwa kwenye mauzo. Hiyo C inaharibu kila kitu. 12C inamezwa na kifungu kilichotangulia, na kompyuta hailalamiki. Mama wa duka akikitafuta, hakipo. Dawa ni ^\d+[A-Z]?\. yaani ruhusu herufi moja, iwepo au isiwepo.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Miswada kama hiyo imejaa "futa maneno haya kwenye kifungu kile". Bila sheria yenyewe kando, huelewi unachokatwa. Kwa hivyo anayeandika ruwaza ndiye anaamua utaona nini.

Mimi nasema tujifunze kuziandika na kuzikagua wenyewe. Huku kwetu mtaa unaitwa Witeithie, na kwa Kikuyu hiyo ni "jisaidie".