Mkungu na Shina: Habari za Mfuko wa Chuo cha Makerere

Mtu afikaye Kampala huonyeshwa kilima cha Makerere, na juu yake jumba jeupe lenye mnara. Watu hulisifu jumba lile, wala hawakosei. Lakini wachache huuliza swali la pili, nalo ndilo kubwa: Ni nani amlipaye mwalimu mwisho wa mwezi? Ni nani anunuaye dawa za majaribio, vitabu, rangi za wachoraji, na chakula cha wanafunzi? Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mfuko wa chuo kile, kwa sababu mbili. Kwanza, fedha yetu watu wa Tanganyika ilitiwa humo. Pili, historia yake yatufaa sisi tujengao shule huku Matwebe na katika Rungwe yote.

Chuo kilianza mwaka 1922, kikiwa na wanafunzi 14 tu, nao walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Baadaye yaliongezwa masomo ya uganga, ukulima na ualimu. Serikali ya Uganda ndiyo iliyokilisha, ikitoa fedha mwaka kwa mwaka. Fedha ya namna hii ni kama mvua: ikinyesha watu hushiba, ikikosekana huona njaa. Baada ya mwaka 1929 bei za mazao zilianguka ulimwenguni kote, na serikali za huku zilipunguza matumizi yao. Hapo kila mwenye akili aliona hatari. Mganga hafundishwi kwa mwaka mmoja. Yahitaji miaka mingi. Kama chuo hakijui mwakani kitapata nini, kitawezaje kumwambia kijana aanze kazi itakayomalizika baada ya miaka sita?

Mwaka 1937 ilikuja tume kutoka Uingereza, mkuu wake akiwa Lord De La Warr. Tume ilishauri kwamba Makerere kiwe chuo cha elimu ya juu kwa ajili ya Afrika ya Mashariki yote, na kwamba siku moja kiwe chuo kikuu. Tena ilishauri jambo ambalo wasomaji nawasihi walitie moyoni: chuo kisiishi kwa fedha ya mwaka kwa mwaka peke yake, bali kiwekewe mtaji wa daima wa pauni 500,000. Uganda ilipangiwa pauni 250,000, Tanganyika pauni 100,000, Kenya pauni 50,000, na Serikali ya Uingereza pauni 100,000.

Mtaji wa daima ni nini? Sisi wenye migomba hatuhitaji maelezo marefu. Mwenye shamba hukata mkungu akala na watoto wake, lakini shina na machipukizi huyaacha ardhini, akayapalilia na kuyatia samadi. Mwakani atakata mkungu mwingine. Mtu ang'oaye shina ili apate chakula cha leo atakula mara moja tu. Vivyo hivyo fedha ile haikukusudiwa kutumiwa yote. Ilikusudiwa kuwekwa mahali pa kuzaa faida, na chuo kile faida tu. Kama pauni 500,000 zikizaa pauni 4 kwa kila 100, faida ya mwaka ni pauni 20,000. Na mtaji wenyewe umebaki kama ulivyokuwa.

Nasi tusisahau ukubwa wa sehemu yetu. Pauni 100,000 zilikuwa sawa na shilingi 2,000,000 za siku zile. Kama kila mtu angetoa shilingi 10, wangehitajiwa watu 200,000 kuitimiza. Mlipa kodi wa Tanganyika, mwenye jembe na kikapu, hakuiona Makerere kwa macho, lakini mkono wake ulikuwamo. Safari yenyewe haikuwa nyepesi: kijana atokaye Tukuyu alipaswa kupita Mbeya na Iringa hata Dodoma kwa motokaa, akapanda gari la moshi kwenda Tabora na Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, kisha akavuka ziwa kwa meli hata Uganda. Ndiyo njia ya nchi nzima kupata waganga na walimu wake. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere tangu mwaka 1943 hata mwaka 1945.

Si elimu ya sayansi peke yake iliyokua pale. Mwaka 1937, mwaka ule ule wa tume, Bibi Margaret Trowell, mkewe mganga Hugh Trowell, alianza kufundisha uchoraji na uchongaji, na darasa lake la kwanza lilikuwa barazani kwa nyumba yake. Hakungoja jumba. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na baadaye darasa lile la barazani likawa shule kamili ya sanaa ndani ya chuo. Huko alisoma Sam Ntiro kutoka Uchagga, aliyekuja kuwa mwalimu papo hapo, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 akawa balozi wetu Uingereza. Tazameni tofauti: sayansi haiwezi kwenda mbali pasipo vyombo vya thamani, lakini sanaa ilianza kwa baraza, rangi na mikono yenye bidii. Meneja mwema wa chuo hujua kazi ipi yahitaji fedha kwanza, na kazi ipi yahitaji mtu kwanza.

Mwaka 1945 wanawake walipokewa chuoni kwa mara ya kwanza, hata wito wa chuo, uliosema habari za kuwa wanaume, ukabadilishwa ukawa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mwaka 1949 chuo kilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakafanya mitihani ya kule. Siku hizo fedha nyingi za majengo zilitoka Uingereza, katika mfuko wa maendeleo ya makoloni. Lakini angalieni sana: fedha za kujenga ni mbali, na fedha za kuendesha ni mbali. Mgeni aweza kukujengea nyumba akaenda zake. Kuifagia, kuiezua na kuiezeka tena, na kumlisha akaaye ndani, ni juu yako kila siku. Ndivyo zilivyoona serikali za Afrika ya Mashariki: kila jumba jipya lililofunguliwa kwa furaha lilileta gharama mpya mwaka baada ya mwaka.

Sisi wenyewe tulianza kwa namna nyingine. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa ndani ya nyumba ya chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kwa somo moja tu la sheria. Mwaka 1964 ndipo kilipohamia Mlimani. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 kikagawanyika, kila nchi ikachukua chake na mzigo wake.

Mara baada ya hapo Makerere ilipatwa na msiba. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971. Mwaka 1972 mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari asionekane tena. Walimu wengi walikimbia, na shilingi ya Uganda ikapoteza nguvu. Hapo watu walijifunza kwamba fedha yaweza kuwa nyingi kwa kuhesabu na kuwa haba sokoni. Hapana mfuko uwezao kuokoka mahali ambapo hapana haki na amani.

Katika miaka ya 1990 chuo kilitafuta njia nyingine: kiliwafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia ada, na kabla ya mwaka 2000 hao wakawa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Mishahara ikapanda, paa zikatengenezwa. Lakini dawa hiyo nayo ilikuwa na uchungu wake. Mwaka 2007 Profesa Mahmood Mamdani alitoa kitabu akaeleza jinsi idara zilivyoshindana kubuni masomo ya kuuzika, na utafiti ukaachwa nyuma. Maana alipaye ndiye avutaye kamba. Serikali ikilipa peke yake, chuo chaweza kuiogopa serikali. Mwanafunzi akilipa peke yake, chuo chaweza kuwa duka. Mtaji wa daima ulikusudiwa kuwapa wenye chuo nafasi ya kusema kweli pasipo kuogopa njaa.

Usiku wa Septemba 2020 moto uliteketeza jumba lile la mnara. Serikali ya Uganda ililijenga tena kwa sura yake ya zamani, likafunguliwa Oktoba 2024. Twafurahi. Lakini jumba kurudi ni jambo moja, na mfuko kusimama ni jingine.

Basi, haya yatuhusu nini sisi? Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wananchi nchi nzima wakachangishwa. Lilikuwa jambo jema. Lakini chumba kisicho na maji, wala dawa, wala vyombo, wala mwalimu, si maabara, ni nyumba tupu. Popo watakaa humo. Yatupasa kila tunapochanga tofali tuchange pia kwa ajili ya miaka itakayofuata. Shule ipande ekari ya parachichi au ya chai, na mapato yake yaandikwe katika daftari moja, yasitumiwe ila kwa kununua vyombo. Daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi wote mara mbili kwa mwaka. Mweka hazina asione haya kuulizwa, wala mzazi asione haya kuuliza; maana kuulizana hesabu si kushtakiana, ni kulinda mali ya watoto.

Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akachekwa na watu. Wengi wetu huihesabu gharama ya kuinua mnara tu. Tuihesabu na ile ya kuutunza, ili wajukuu wetu nao wapate mkungu wa kukata.